Mvuto Mmoja

Zilizotangulia kuondoka zilikuwa sauti. Lusia ameketi darasani, kalamu mkononi, mwalimu anaeleza habari za mvua na upepo, mara maneno ya mwalimu yanaanza kusogea mbali, taratibu, kana kwamba kuna mtu anayabeba moja moja kuyatoa nje. Yanafuata makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu ambazo pale Masumbwe hunguruma kutwa hadi watu wakasahau kuwa zipo. Nayo yananyamaza. Halafu unakuja mwanga, mweupe, mwingi, na ndani yake Lusia amesimama peke yake juu ya ardhi laini inayotaka kuzama. Vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana. Akija kuzinduka yuko sakafuni, amelowa chapachapa, na kinachoonekana ni miguu ya watu tu.

Shuleni waliyaita mapepo. Huku kwetu wasichana wa shule wameanguka sana, kwa hiyo kila mtu ana uzoefu, na kila mwenye uzoefu anapiga kelele. Mmoja anakemea, mwingine anamwaga maji, wa tatu amemkalia mgonjwa miguuni, na anayetaka kupumua haulizwi chochote.

Bibi Mageni, mama mzazi wa baba yake, aliyekaa Tinde, alikuwa na jina lake jingine: masamva. Wazee wa ukoo waliokufa wanamtaka mtoto. Palikuwa na shangazi yao wa zamani, mganga aliyesifika, na uganga wake haujapata wa kuurithi mpaka leo. Basi ndio huo unabisha hodi kifuani kwa Lusia. Kwa bibi hili halikuwa balaa hata kidogo, lilikuwa heshima. Alichotaka ni mtoto aachishwe shule, aletwe Tinde, atulizwe na afundishwe kazi ya ukoo.

Baba yake, Ngusa, hakukubali wala hakukataa. Alikuwa mchimbaji, na mama yake Lusia alikuwa ameolewa kwingine, Shinyanga mjini, simu zake ni za Krismasi. Lakini Lusia alipoanguka mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, Ngusa alimpigia simu Bibi Mageni, na Lusia alikuwa jikoni akasikia. Akianguka tena, alisema, mama njoo umchukue.

Lusia alikuwa kidato cha nne na mtihani wa mock ulikuwa unakaribia. Alitaka kusomea miamba, awe mtu wa kuwaambia wengine ardhi ipi itasimama na ipi itatitia. Sababu alikuwa nayo, ila hakuna aliyemuuliza.

Ilikuwa Januari. Alikuwa amempelekea baba yake ugali kwenye duara. Wachimbaji huliita shimo lao duara ingawa mdomo wake ni wa mraba, lakini hayo muwaulize wenyewe. Mtu aliyeko chini hamsikii aliyeko juu; sauti humfikia imevunjikavunjika. Kwa hiyo huzungumza kwa kamba. Wa juu akivuta mara moja, anauliza: upo? Wa chini naye anavuta mara moja: nipo. Wa chini akivuta mara mbili, maana yake nivute, na hapo hakuna maswali, ni kuvuta.

Mshika kamba siku hiyo alikuwa Herman. Akamwambia Lusia amshikie kidogo, akachukue uji kwa mama lishe pale pale jirani. Lusia akashika. Kwa mchezo tu akavuta mara moja, taratibu, na kamba ikajibu kutoka huko chini alikokuwa baba yake. Akacheka peke yake. Akavuta tena, ikajibu tena. Kisha magogo yanayozuia kuta yakalia, ardhi ikashusha pumzi, na vumbi likapanda mdomoni mwa duara polepole, zuri hata kulitazama, likielea kwenye jua.

Lusia akavuta. Kamba ikawa nzito, haina mtu. Upo? Akavuta tena. Upo? Alivuta mpaka viganja vikachunika, na walipokuja watu wakikimbia ilibidi wamkunjue vidole kimoja kimoja.

Ngusa alitolewa jioni kupitia duara la jirani, mzima, amefunikwa udongo toka utosini. Alioga, akala, akalala. Hakuna aliyelitaja jambo lile tena nyumbani. Kesho yake akaenda kazini, na watu wakamsifu wakasema mwanaume ni yule. Kilichobadilika ni kitu kidogo tu: zamani alirudi mwekundu kwa tope la chini, siku hizi alirudi mweupe kama aliyetoka kupakua unga. Lusia aliliona hilo kila jioni na wala hakulitilia maanani.

Baada ya simu ile ya Tinde, Lusia akawa anajikaza kisabuni. Akihisi sauti zinaanza kuondoka, anauma ulimi, anajifinya mapaja, anasugua kiganja kwenye ukingo wa dawati. Wakati mwingine inasaidia. Siku moja haikusaidia. Kengele ya mapumziko ikawa imelia, akatoka mbio akizunguka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hafiki mtu kwa sababu ya nyuki.

Alimkuta Sostenes. Huyu alikuwa kijana mrefu wa darasani kwao, ambaye kila akiambiwa asimame asome huomba ruhusa ya kwenda chooni, hata wenzake wakambatiza Baba Choo. Alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti, viganja masikioni.

"Usimwambie mtu," alisema.

Lusia hata angetaka kumwambia mtu asingeweza, maana pumzi ilikuwa imeshamwishia. Akashuka chini, mgongo kwenye tangi. Mwanga ukaja. Akangojea kelele, maji, mikono ya watu, na havikuja. Sostenes alibaki kimya upande wake, akihema kwa shida zake mwenyewe, na bati la tangi lilikuwa la baridi mgongoni, na maji yalisikika yakicheza ndani yake. Lusia akayafuata yale maji. Alikwenda nayo mahali pa mbali penye kivuli, akakaa huko kwa muda ambao hakuujua, na nyuki wakarudi mmoja mmoja masikioni mwake, na baada ya nyuki yakarudi makarasha. Hakuwa ameanguka. Ilikuwa mara ya kwanza mwanga uje na upite bila kumwangusha, na alilia kwa furaha na aibu kwa pamoja.

Sostenes alimwambia kwake ilianza alipokuwa darasa la saba, na kwao wanasema ni uvivu. Wavulana hawaanguki, alisema. Wavulana wanaenda chooni.

Wa tatu katika jambo hili ni Noela, aliyeketi dawati moja na Lusia, mchekeshaji wa darasa, mtu ambaye ungesema huzuni haijui njia ya kwao. Alipoona hao wawili wanarudi pamoja alianza utani wake, kisha akamtazama Lusia usoni, akauacha njiani. Mchana ule akamnong'oneza kwamba yeye hutapika kabla ya kila mtihani, na ile malaria yake anayoitangaza haijawahi kuonekana kwenye kipimo. Basi mmoja alikuwa na mapepo, mmoja tumbo, mmoja malaria. Kumbe darasa lilikuwa linaumwa kitu kile kile kwa majina ya uongo.

Noela ndiye aliyeuliza wachimbaji hufanyaje wakiwa chini kule na pumzi ikawa haba. Lusia akawaeleza habari za kamba. Hakuwa amewahi kumweleza mtu. Alieleza mpaka pale inapojibu, akaishia hapo, na wenzake hawakumchimba zaidi.

"Basi na sisi tushikane," Noela alisema.

Kesho yake alikuja na kipande cha kamba ya manila, ya kijani. Mbuzi mmoja wa kwao alikuwa amefupishiwa matembezi. Waliifumua wakapata nyuzi nyembamba, na Lusia akawafunga mikononi kwa kifundo cha wachimbaji, kile kisichoachia ukikivuta lakini ukikibonyeza kwa kidole gumba kinafunguka chenyewe. Uzi ukapita chini ya dawati kutoka kwa Lusia kwenda kwa Noela, mwingine ukarudi nyuma kwa Sostenes.

Wakachukua na taratibu za mdomo wa duara. Mshika kamba hapigi kelele, kwa kuwa kelele humfanya wa chini apumue ovyo na kuimaliza hewa. Mshika kamba haiachii, hata akiitwa na mkewe. Na mdomo wa duara haujazwi watu. Lusia alipoyasema haya aliona jinsi shule nzima ilivyokuwa ikifanya kinyume chake, tena kwa bidii.

Ikawa sasa sauti zikianza kuondoka, anasikia mkononi mvuto mdogo. Upo? Ulikuja ndani ya ule mwanga bila haraka, kama samaki anapogusa ndoano, na Lusia akajibu. Nipo. Mara nyingine ni yeye aliyeuliza, na wa kujibu ni Noela aliyekuwa hapo anatabasamu na jasho limemtoka. Siku Sostenes alipovuta mara mbili, walimtoa nje wakisema damu ya pua, wakakaa naye nyuma ya tangi hadi akarudi. Habari ilitambaa. Wakaja wengine, kwa haya, kila mmoja akianza kwa kusema si yeye, ni rafiki yake. Mbuzi wa kina Noela akabaki na kamba ya kumtosha kusimama tu.

Halafu Mwalimu Serafina, wa nidhamu, akaziona nyuzi, na mock imebaki siku chache. Wanafunzi waliofungana kamba chini ya madawati. Mwalimu gani asingejua hiyo ni nini? Ni wizi wa mtihani. Akazikusanya zote, akazichoma moto kwenye shimo la takataka, na hakutaka maelezo. Wa Lusia peke yake ulisalimika, kwa vile alikuwa ameuvutia ndani ya mkono wa sweta.

Siku ya Hesabu, Ijumaa, madawati yalitenganishwa, kila mtu kisiwani kwake. Lusia alisoma swali la kwanza, akalisoma tena, na maneno yakaanza kusogea. Moyo ukaenda mbio. Akaingiza vidole kwenye sweta, akaushika uzi wake, akavuta. Upo? Ule upande wa pili haukufungwa kwa mtu. Ulikuja wote mkononi, mwepesi, na hapo aliogopa kuliko siku zote, kwa kuwa alilijua lile jambo, alikuwa ameshalishika mdomoni mwa duara. Mwanga ukapanda kutoka sakafuni. Aliiona Tinde, ua wa bibi, kibanda cha kutulizwa, na yeye ameketi ndani yake na shanga nyeupe shingoni, wenzake wanapita barabarani na sare za shule ya juu, wanampungia.

Nyuma yake kiatu kikagonga sakafu, mara moja.

Lusia akashika meza. Mbele kabisa, alikokaa Noela, kiti kikakwaruza, mara moja. Kisha karibu na dirisha, kalamu. Kisha upande wa mlangoni. Mwalimu Serafina akainua kichwa, akauliza miguu hiyo ina nini leo. Chumba kizima kiliandika kwa adabu. Lusia aliinua kalamu yake, akaigonga juu ya dawati mara moja. Mahali fulani juu ya bati kunguru akatembea, na nyuma ya kunguru makarasha yakaanza tena kuunguruma. Hesabu zenyewe hazikuwa nyepesi, maana kamba haifanyi hesabu, lakini aliziandika zote akiwa ameketi kitini.

Alirudi nyumbani anaelea. Alikuwa amepanga amwambie baba yake. Alipoingia uani alimkuta Bibi Mageni amekaa kwenye mkeka, anamenya karanga, mfuko wake wa safari uko pembeni. Hakuna aliyemwita; alikuwa ameota, akapanda basi.

Lusia akapiga goti kumwamkia, akanyoosha mkono kupokea karanga, na sweta ikapanda. Bibi aliuona uzi wa kijani. Akaukamata ule mkono.

"Nani amekufunga, ng'wanone, mwanangu?"

Kwa Bibi Mageni, uzi wenye kifundo kwenye mkono wa mtoto haufungwi na mtu mwingine ila mganga. Maana yake mganga mwingine ameshamwahi. Mtu wa huko migodini, hajulikani ametoka wapi, amemfunga mjukuu wake kabla wenye ukoo hawajafika, na masamva watakasirika, na pengine wameshakasirika. Lusia akajaribu kueleza. Bibi hakusikia neno. Kesho asubuhi, alisema, basi la kwanza, tunakwenda, na habari za shule ziishe.

Ngusa akaingia wakati huo, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Mama yake akamweleza yote, na kwa jinsi alivyoeleza lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Lusia akawatazama midomo. Maneno yao yakaanza kutoka uani, moja moja, kupitia juu ya ukuta. Akafikiri: si hapa, si mbele yao. Sostenes hayupo. Noela hayupo. Akakaa chini.

Bibi akasimama kwenda kuita majirani na kutafuta maji. Ngusa akapiga goti mbele ya mwanawe, akaushika mkono ili auondoe ule uzi. Kidole gumba chake kikaenda kwenye kifundo, kikasimama.

"Hiki ni chetu," alisema polepole. "Hiki ni kifundo cha kwenye duara. Nani kakufundisha?"

"Wewe," Lusia alisema. Alikuwa na pumzi chache, akazitumia zote. Alisema wako wengi shuleni. Alisema mmoja akiishiwa hewa mwingine anamuuliza kama yupo.

Bibi alikuwa amefika na ndoo, anaita jina la mtu wa nyumba ya pili. Ngusa akainua mkono bila kugeuka. "Mama, tuachie hewa," alisema, na kwa kuwa hakuwahi kumwambia mama yake neno kama hilo maisha yake yote, bibi akaiweka ndoo chini.

Ngusa akaushika upande wa pili wa uzi. Akavuta mara moja.

Lusia aliusikia, kutoka mbali sana, na hakuweza kujibu. Yalimtoka yale ambayo hakuwaambia hata wenzake. "Siku ile hukunijibu, baba. Nilivuta, hukunijibu."

Ngusa alisogea karibu. Vumbi lilikuwa limefanya mifereji miwili mashavuni mwake. Kisha akaigeuza mikono yake, viganja juu, akamwonyesha. Katikati ya kila kiganja palikuwa na kovu refu, la waridi, limepita pale pale yalipopita ya Lusia.

"Nilijibu," alisema. "Gogo lilikuwa limeilalia kamba katikati. Nilikuwa najua ni wewe uliyeshika, Herman huvuta kama anang'oa muhogo. Nikasema yule mtoto atakuwa anauliza. Nikajibu. Nilikujibu mpaka waliponitoa."

Lusia akaweka viganja vyake kando ya viganja vya baba yake. Kifuani mwake kitu kikubwa kikageuka na kulala. Hewa ikaingia, na alilia waziwazi, kama mtoto mdogo, na hakuna aliyemkataza.

"Jumatatu anakwenda shule," Ngusa alimwambia mama yake.

Bibi Mageni akauliza, kwa sauti ya chini sasa, na haya yanayomwangusha je.

Ngusa aliutazama ule uzi. "Yanayomwangusha yeye ndiyo yanayoniangusha mimi, mama. Sijashuka tena tangu siku ile. Nasaga mawe kwenye karasha, kwa kibarua, nawaambia watu natoka chini. Kila nikifika mdomoni mwa duara," akasita, akatafuta namna ya kulisema, "zinaanza kuondoka sauti."

Lusia akamtazama baba yake. Aliliona vumbi jeupe, jioni zote zile, na sasa akalielewa. Uzi wa kijani ulikuwa unatetemeka kutoka upande wake. Lusia hakupiga kelele. Hakuuachia. Akavuta mara moja: upo?

Baba yake alikawia. Bibi Mageni alikuwa amesimama na karanga mkononi, hapumui. Kisha uzi ukavutwa kutoka upande ule, mara moja, na kabla Lusia hajatabasamu ukavutwa tena.

Mara mbili. Hapo hakuna maswali. Lusia alisimama, akauzungusha uzi kiganjani, juu ya kovu, akaanza kuvuta.